Kigunduzi cha eksirei kinapojaa, kinapopiga kelele na kinapodanganya: dalili na vyanzo vyake

Malalamiko ya kwanza ya kila anayejenga kigunduzi cha vyanzo vikali vya eksirei ni doa jeupe katikati ya picha, bapa kabisa, halina undani wowote. Ya pili ni kinyume chake: pembezoni, ambako fotoni (chembechembe za mwanga au eksirei) zinadondoka moja moja, hakuna kinachoonekana ila chengachenga. Watu huyaleta kama matatizo mawili. Ni moja, na ukitibu upande mmoja bila kutazama wa pili utakuwa umelihamisha tu kutoka katikati ya picha kwenda pembeni.

Haya nayaandika kwa ajili ya vijana wa Tanga wanaojenga saketi za kusoma pikseli mezani, na wale wanaopakua data za vigunduzi vikubwa ili wajifunze kuzichambua. Sinkrotroni, mashine kubwa inayozungusha elektroni ili zitoe eksirei kali, hatuna; Afrika nzima bado haina ya kwake. Iliyo jirani zaidi ni SESAME kule Jordan, iliyofunguliwa mwaka 2017. Hata hivyo, saketi ya pikseli haijui chaji imetoka wapi. Mpigo mfupi wa taa ya LED au leza unatosha kuonyesha karibu kila ugonjwa utakaotajwa hapa. Eksirei yenyewe usiiguse bila kibali cha Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, na hilo si la kujadiliana.

Kabla ya kushika oskiloskopu, ziweke hesabu hizi ukutani. Ndani ya silikoni, kila jozi ya elektroni na tundu (nafasi iliyoachwa na elektroni) hugharimu nishati ya takribani eV 3.6. Fotoni moja ya 12 keV (eV 12,000) kwa hiyo inaacha elektroni kama 3,300, sawa na chaji ya fC (femtokoulombi) 0.53. Fotoni ya mwanga wa kawaida inaacha elektroni moja basi. Ukitaka LED yako iige fotoni moja ya eksirei, inabidi fotoni zake kama 3,300 zinyonywe ndani ya pikseli. Ukitaka iige fotoni 10,000, zidisha mwenyewe uone kwa nini LED dhaifu ya kiashirio haitafika.

Katikati pamejaa

Usikimbilie kubadili kapasita. Kuna sehemu tatu zinazoweza kujaa: kapasita ya kukusanyia chaji, amplifaya inayoifuata, na kigeuzi kinachotoa namba. Kila moja ina namna yake ya kujaa.

Acha LED iwake kwa mwanga usiobadilika, kisha urefushe muda wa kukusanya hatua kwa hatua na uchore grafu ya namba zinazotoka. Pikseli zote zikigota kwenye namba ileile, tena namba hiyo ikiwa ndiyo ya mwisho ya kigeuzi (16,383 kama ni cha biti 14), basi kigeuzi ndicho kilichojaa na upande wa analogi bado una nafasi. Kila pikseli ikigota mahali pake, moja juu kidogo na nyingine chini kidogo, tatizo liko kabla ya kigeuzi. Na mstari ukianza kupinda taratibu kabla ya kugota, mara nyingi ni amplifaya inayokaribia ukomo wa volti za pawa. Wengi huukosa upindaji huo kwa sababu wanapima nukta mbili tu, ya chini na ya juu, kisha wanaunganisha kwa rula.

Ikithibitika ni kapasita, hesabu ndiyo inayoonyesha ubaya wa hali. Fotoni 10,000 za 12 keV ni elektroni milioni 33, yaani pC (pikokoulombi) 5.3. Kama saketi yako ina volti 1 tu ya kuchezea, unahitaji kapasita ya pF (pikofaradi) 5.3. Sasa mwagia fotoni moja kwenye kapasita hiyo: unapata mV 0.1. Kelele za amplifaya ya kawaida zitaimeza. Weka kapasita ndogo ya fF (femtofaradi) 50 na fotoni moja itakupa zaidi ya mV 10, kitu cha kuonekana kabisa, lakini pikseli itajaa kwenye fotoni ya 90 na kitu. Hakuna kapasita moja itakayokidhi pande zote mbili. Kijana anayetafuta thamani ya katikati anatafuta kisichokuwepo.

Wajenzi wa vigunduzi vikubwa wametoka kwenye mtego huu kwa njia tofauti, na inafaa kuzijua kabla hujachagua yako. AGIPD, inayotumika European XFEL, leza ya elektroni huru (inayotoa mipigo mifupi mno ya eksirei) karibu na Hamburg, huanza na kapasita ndogo. Pikseli ikikaribia kujaa, saketi yake yenyewe inaunganisha kapasita kubwa, kisha kubwa zaidi, kama dereva wa basi la Lushoto anavyobadili gia mlima unapokaza. JUNGFRAU ya taasisi ya PSI, Uswisi, nayo ina ngazi tatu za namna hiyo, kwenye pikseli ya mikromita 75 tu. LPD ya Uingereza haibadili chochote: inapitisha mawimbi yaleyale kwenye njia tatu za ukuzaji kwa wakati mmoja, mara 100, mara 10 na mara 1, kisha unachagua baadaye iliyo nzuri. DSSC kwa upande wake ina muundo ambao sensa yenyewe inaweza kutoa jibu lililopinda, kali kwa fotoni chache na pole kwa nyingi. Na MM-PAD ya Chuo Kikuu cha Cornell hufanya jambo ninalolipenda kuliko yote: kapasita ikikaribia kujaa inachotwa kipimo kamili cha chaji na kuhesabiwa, kazi ikiendelea, hivyo fremu moja hubeba zaidi ya fotoni milioni 10 za 8 keV kwa pikseli.

Ushauri wangu kwa meza ya Tanga ni njia mbili sambamba, mtindo wa LPD. Inakula nafasi, na si bure kwamba pikseli ya LPD ina upana wa mikromita 500 wakati ya AGIPD ina 200. Lakini mezani nafasi si shida yako. Shida yako ni kujua kosa liko wapi, na njia sambamba hazina swichi inayofanya uamuzi gizani usipoiona.

Histogramu ina pengo, au ina nundu

Tuseme umechagua kubadili ukuzaji ndani ya pikseli, mtindo wa AGIPD. Ukiongeza mwanga taratibu, namba zinapanda vizuri, halafu penye fotoni 80 au 90 zinaruka. Au zinarudi nyuma, mwanga mwingi zaidi unatoa namba ndogo. Hapa ndipo saa nyingi zinapopotea, basi tusiwe na haraka.

Chanzo cha kwanza, na ndicho cha kawaida kuliko vyote, ni sifuri isiyo sahihi. Kila ngazi ya ukuzaji ina sifuri yake. Ya ngazi ya juu unaipata kirahisi: funika sensa, piga fremu za giza, chukua wastani. Ila gizani pikseli haibadili ngazi, kwa hiyo fremu hizo hazikuambii lolote kuhusu ngazi ya kati na ya chini. Inabidi uilazimishe saketi ikae kwenye ngazi hizo ukiwa bado gizani, upige fremu upya. Ukikuta chipu uliyobuni haina pini wala amri ya kulazimisha ngazi, rudi kwenye mchoro uiweke kabla ya toleo linalofuata. Bila hiyo utabahatisha maisha yako yote.

Cha pili ni uwiano wa ukuzaji. Kwenye karatasi kapasita ni fF 50 na pF 5, uwiano 100. Kwenye silikoni kuna nyaya na transista zinazoongeza chaji zao ndogo, na fF 5 za ziada kwenye kapasita ya fF 50 ni asilimia 10. Uwiano unapimwa kwa kila pikseli, hausomwi kwenye mchoro.

Cha tatu kinajificha: swichi inabadili kwa kuchelewa. Mpigo ukiwa mrefu kila kitu ni salama, ukiufupisha pengo linatokea. Hiyo ni dalili tosha. Kwenye leza ya elektroni huru mpigo wa eksirei hukaa femtosekunde chache au makumi tu, na European XFEL inaweza kuleta mwingine baada ya nanosekunde 220. Kilinganishi (saketi inayolinganisha volti na kizingiti) lazima kiamue, swichi ifunge, na amplifaya itulie kabla sampuli haijachukuliwa. Ukipima kwa LED ya polepole utajiona umefaulu.

Cha nne ni ngazi kusomwa vibaya. Dalili yake haifanani na zingine: pikseli moja moja zenye namba za ajabu, kubwa mara mia ya jirani zake, zimetawanyika pale tu ambapo mwanga uko karibu na kizingiti. Thamani ni sahihi, lakini imezidishwa kwa uwiano wa ngazi isiyo yake. Kwenye AGIPD hata alama ya ngazi huhifadhiwa kama volti ya analogi, kwa hiyo inahitaji vizingiti vyake, na vizingiti hivyo vikiwekwa ovyo makundi mawili yanaingiliana. Chora histogramu ya alama ya ngazi peke yake. Vilima vitatu vilivyoachana, uko salama. Vikigusana, hapo ndipo pa kushughulikia.

Kuna ambao watakwambia kubadili ngazi kunaongeza kelele, kwa hiyo kuachwe. Kelele zinaongezeka kweli. Kapasita ya fF 50 ikifutwa (ikimwagwa chaji yote) huacha kelele ya joto ya elektroni kama 90, ya pF 5 kama 900. Lakini wakati pikseli inabadili ngazi, tayari ina fotoni 90 hivi, na fotoni zenyewe hazifiki kwa mpangilio: mtawanyiko wake ni kipeuo cha pili cha idadi, yaani fotoni 9 na ushee, sawa na elektroni 30,000 na zaidi. Elektroni 900 hapo hazina la kusema. Sheria ya ubunifu mzima iko hapa: kelele za saketi ziwe chini ya mtawanyiko wa fotoni katika kila ngazi, basi.

Sheria hiyohiyo ndiyo inayoeleza grafu ya ngazi ngazi. Ukigawa fotoni 10,000 kwa kigeuzi cha biti 8, kila hatua ni fotoni 39. Penye fotoni 90 hatua hiyo ni kubwa mara nne ya mtawanyiko wa asili, na jicho litaiona. Biti 10 zinaponea chupuchupu. Ndiyo maana watu huweka ngazi ya tatu katikati badala ya kununua kigeuzi ghali.

Pembeni ni chengachenga tupu

Funika sensa, piga fremu nyingi za giza, kisha badilisha muda wa kukusanya. Kelele zikibaki vilevile, ni za amplifaya au za kufuta kapasita. Chukua sampuli mbili, moja mara baada ya kufuta na nyingine baada ya mwanga, utoe ya kwanza kwenye ya pili. Kelele zikikua kadiri muda unavyorefuka, ni mkondo wa kuvuja wa sensa, yaani umeme unaopita hata gizani. Safu nzima ikipanda na kushuka pamoja, ni pawa.

Kuhusu pawa sina mengi. Tumia betri kwanza. Picha ikisafika, chanzo ni chaja au inveta, na hakuna marekebisho ya programu yatakayoshinda kuziondoa mezani. Milia inayotembea polepole kwenye picha ni Hz 50 za umeme wa ukutani zinazoingia kupitia ethi. Unganisha ethi zote kwenye nukta moja.

Mkondo wa kuvuja ndio adui wa pwani. Kwa silikoni unaongezeka maradufu kwa kila nyuzi 7 au 8 za joto. Sensa iliyopimwa kwenye chumba cha nyuzi 20 huko ilikotoka, ikija kukaa mezani Ngamiani kwa nyuzi 34, inavuja karibu mara nne ya karatasi yake. Jibu la haraka ni kuipoza, na hapo tunaingia kwenye tatizo ambalo vitabu vya Ulaya huliwekea sentensi moja. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80, kitu cha kawaida kwetu wakati wa masika, huanza kuacha umande kwenye chochote kilichopoa hadi nyuzi 26. Nyuzi nne tu! Wenye vigunduzi vikubwa hupoza ndani ya chemba yenye ombwe au nitrojeni kavu. Sisi tunaweka kipoza cha Peltier (kibao kinachopoza kwa umeme) wazi mezani halafu tunashangaa.

Kijana mmoja wa barabara ya 12 alileta bodi yake imefungwa kwenye taulo.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Ina nini?"

"Asubuhi inapiga vizuri. Ikifika saa nane mchana pikseli za ukingoni zinawaka zote, hata nikizifunika."

Chini ya kioo cha kukuzia ilionekana bila shida. Kuzunguka miguu ya chipu, flaksi iliyobaki baada ya kulehemu ilikuwa imegeuka utando mweupe wenye kunata, na kwenye pini iliyobeba volti ya bayasi (inayokokota chaji ndani ya sensa) kulishaanza ukijani. Flaksi, unyevu na chumvi ya upepo wa bahari vilikuwa vimetengeneza njia ya umeme juu ya bodi, nje kabisa ya silikoni. Sensa haikuwa na kosa. Tuliosha kwa spiriti ya isopropili na brashi laini, bila kukaribia zile nyaya nyembamba za chipu ambazo brashi ingezing'oa mara moja, tukakausha kwa joto la nyuzi 60, ukingo ukatulia.

Ukishaosha, funga bodi kwenye kisanduku kisichopitisha hewa pamoja na silika jeli iliyokaushwa. Mfuko wa mchele hausaidii, na wanga wake utaukuta kwenye viunganishi. Katika mchoro unaofuata, zungushia pini ya kuingilia pete ya ulinzi yenye volti sawa na pini hiyo. Mkondo unaotambaa juu ya bodi utaishia kwenye pete. Kama lazima upoze, weka kipima unyevu ndani ya kisanduku na ukae nyuzi kadhaa juu ya kiwango cha umande. Hata kushuka hadi nyuzi 20 ndani ya hewa kavu kunarudisha sehemu kubwa ya ulichopoteza.

Doa linatanuka mwanga ukizidi

Doa la mwanga hafifu linaingia pikseli moja; doa lilelile likiwa kali linamwagikia jirani. Kabla ya kulaumu lenzi, pandisha volti ya bayasi. Doa likisinyaa, ulichokuwa unakiona ni wingu la chaji: elektroni na matundu vimejazana mahali pamoja hadi uga wa umeme hauwezi kupenya ndani, wingu linatanuka likisubiri kukokotwa, na chaji inafika kwa kuchelewa. Vigunduzi vya leza za elektroni huru huendeshwa kwa volti za bayasi za mamia kwa sababu hii. Doa lisipobadilika, ni kugawana chaji kwa kawaida kwenye mpaka wa pikseli, na hilo lipo hata kwa fotoni moja.

Angalizo kwa watumiaji wa LED nyekundu: mwanga wake huishia mikromita chache tu chini ya uso wa silikoni, wakati fotoni za 12 keV zinasambaa mamia ya mikromita ndani. Kwa jaribio hili tumia leza ya infraredi ya karibu nm 1,060, inayopenya.

Picha ya jana ndani ya picha ya leo

Kivuli cha fremu iliyopita kikionekana kwenye inayofuata, refusha muda wa kufuta. Kikipotea, swichi ya kufuta ni dhaifu kwa kapasita uliyoipa. Kisipopotea, chaji bado inafika kutoka kwenye sensa. Rudi kwenye bayasi.

Kuna jambo linalofanana nalo lakini ni lingine: picha inayofifia kadiri inavyosubiri kusomwa. European XFEL inaweza kutoa hadi mipigo 2,700 kwa msafara mmoja, misafara 10 kwa sekunde, na hakuna waya wa kutoa picha nje kwa nanosekunde 220. AGIPD huzihifadhi ndani ya kila pikseli, picha 352, kisha husomwa kabla msafara unaofuata haujaja. Kapasita za kuhifadhia nazo zinavuja. Jaribu kusoma fremu ileile baada ya kusubiri kwa nyakati tofauti. Mteremko ukiwa ule ule kila siku kwenye joto lile lile, urekebishe kwa hesabu. Ukibadilikabadilika, poza.

Mwanga unaongezeka, hesabu inapungua

Hii ni ya vigunduzi vinavyohesabu fotoni moja moja, jamaa ya PILATUS. Fotoni mbili zikifika zikiwa zimekaribiana mno, saketi inaona moja. Kwenye sinkrotroni, ambako fotoni zinafika zimeachana, hesabu zinakwenda vizuri hadi kama fotoni milioni 1 kwa sekunde kwa pikseli, kisha zinahitaji marekebisho, na zikizidi sana hesabu inaweza hata kushuka. Kwenye leza ya elektroni huru fotoni elfu zinatua ndani ya mpigo mmoja na kihesabio kinaandika 1. Hakuna marekebisho hapo. Badilisha aina ya kigunduzi, tumia cha kukusanya chaji.

Pikseli zinazeeka mahali pamoja

Eksirei huacha chaji iliyonaswa kwenye tabaka la oksidi la silikoni, na mkondo wa kuvuja unapanda hasa pale miale ya moja kwa moja inapopiga. LED haitakuonyesha hili kamwe. Utaliona kwenye data za watu. Piga fremu za giza kabla ya kila kazi na uziandikie tarehe na joto. Pikseli ambayo giza lake linapanda wakati joto halijapanda iondoe kwenye hesabu zako, na linganisha ramani ya pikseli hizo na mahali miale ilipopita. Zikifuata njia ya miale ni mnururisho. Zikifuata ukingo wa chipu, rudi kwenye spiriti na brashi.